Kumsikiliza mtunzi wako wa muziki wa asili ana kwa ana: mwongozo kamili kwa anayekwenda Ngome Kongwe

Wapo waimbaji ambao rekodi zao zinatosha. Mtunzi wa muziki wa asili hayumo katika kundi hilo. Yule anayeimba tungo zake mwenyewe, mkononi ameshika ala ya nyuzi kama udi au zeze, au ilimba ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ukimsikia kwenye simu umeonja tu. Jukwaani hurefusha kiitikio kwa kuwa watu wamekipokea, huongeza ubeti kuhusu jambo lililotokea wiki ile, na huweza kukaa juu ya sauti moja ya udi kwa muda ambao hakuna prodyuza angemruhusu studioni. Kwa hiyo kama unaye mtunzi wa namna hiyo unayempenda, mpangie safari.

Mwongozo huu nimeujenga juu ya mahali ninapopaamini kuliko pengine pote Afrika Mashariki kwa kazi hiyo: Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Hatua nyingi zinafaa hata ukienda Bagamoyo, Dodoma au Nairobi, na mwishoni nitayagusa maeneo hayo. Ninachokuomba ni kimoja: andaa masikio kabla ya kuandaa nauli. Watu wengi hufanya kinyume, wakafika mbele ya jukwaa wakiwa na tiketi, nguo nzuri na simu iliyojaa chaji, lakini hawajui hata kibwagizo kimoja.

Kwanza, jua nani katunga nini

Katika taarabu ya Unguja kazi mara nyingi hugawanywa. Mshairi huandika maneno, mwingine huyatia muziki, na mwimbaji huyabeba mbele za watu. Vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vimeishi kwa utaratibu huo, na hauna kasoro yoyote. Ila ukimtafuta mtunzi anayeimba maneno yake mwenyewe, uwanja unakuwa mdogo zaidi na ni lazima umjue kwa jina.

Nitoe mifano mitatu, maana mimi nikipata ratiba ya tamasha lolote huanza kuyatafuta majina ya aina hii. Siti Amina wa Siti and the Band anapiga udi na kuimba. Ni tunda la chuo cha muziki cha DCMA kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na albamu ya bendi yake, Fusing the Roots, ilitoka 2018. Leo Mkanyia anaimba kwa gitaa muziki anaouita Swahili Blues. Baba yake, Henry Mkanyia, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi ya Mlimani Park. Na Msafiri Zawose, mtoto wa marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003, anaendeleza muziki wa Wagogo kwa ilimba na zeze akiishi Bagamoyo. Albamu yake Uhamiaji ya 2017 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chagua mmoja. Tamasha lina wasanii wengi kwa usiku mmoja, na mtu anayetaka kuwaona wote hurudi nyumbani hana hata mmoja aliyemkaa moyoni.

Jifunze maneno, na uyaandike kwa mkono

Hii ndiyo hatua ambayo ningekuwa na wakati mchache ningekuambia uifanye peke yake.

Chukua nyimbo nne au tano za mtunzi wako. Sikiliza wimbo mmoja mara kadhaa bila kufanya kazi nyingine, kisha uandike maneno yake kwenye daftari, ubeti kwa ubeti. Usiyanakili mahali, yaandike kutoka sikioni. Mkono ukikwama kwenye neno, hapo ndipo penye utamu, kwa sababu mara nyingi neno lenyewe ni la Kiunguja, la kale, au ni fumbo. Taarabu ya asili mara chache husema mambo waziwazi. Ua si ua, na chombo kilichokwenda mrama si chombo. Ukifika ukumbini ukiwa umekwisha kulitafakari fumbo, utaelewa kwa nini akina mama wa safu ya mbele wameguna kwa pamoja kwenye mstari ambao kwako ulikuwa wa kawaida.

Nyimbo nyingine hazifumbi kabisa. Siti Amina anao wimbo uitwao Nielewe, unaogusa mateso ya mwanamke ndani ya ndoa. Wimbo wa namna hiyo ukiusikia mara ya kwanza ukiwa umesimama kwenye umati, nusu yake itakupita. Ukiwa unaujua, utashuhudia namna anavyoutamka: wapi anavuta pumzi, wapi anauacha udi unyamaze ili neno lisimame lenyewe.

Kwa Msafiri Zawose kazi ni kubwa zaidi kama hujui Cigogo. Mtafute Mgogo. Dar es Salaam na Dodoma hawakosekani, na sijapata kuona mtu aliyekataa kueleza wimbo wa kwao akiulizwa kwa heshima. Mwombe akupe maana ya kiitikio na jambo moja la mila linalobebwa na wimbo. Kiitikio ukikijua utakiitikia, na muziki wa Wagogo unamtaka mwitikiaji. Umejengwa kwa sauti nyingi zinazopokezana.

Zijue pia ala. Udi hauna vikato kwenye shingo, ndiyo maana sauti yake huteleza kati ya nota na nota. Kanuni, ala nyingine ya taarabu, hulazwa mapajani au mezani, nyuzi zake zimepangwa tatutatu kwa kila sauti. Ilimba ya Wagogo ina tundu kwenye ubao lililozibwa kwa utando wa buibui, nao hutoa mvumo mwembamba kila chuma kinapoguswa. Usidhani spika imepasuka. Mvumo ule unatafutwa makusudi, na mpigaji akiukosa huona ala yake imekufa.

Tarehe, na jambo la Ramadhani

Sauti za Busara ilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004 na imeendelea karibu kila Februari. Mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Sharti lake kubwa, na ndilo lililonifanya nilipende, ni kwamba kila anayepanda jukwaani apige muziki wa laivu. Hakuna anayepanda na flashi ya muziki uliokwisha rekodiwa akatembeza midomo.

Ramadhani inasogea mapema kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii imeingia Februari. Zanzibar haipigi muziki wa majukwaani katika mwezi mtukufu, hivyo tarehe za tamasha hupangwa kuukwepa. Usichukulie kwamba tarehe za mwaka jana ndizo za mwaka huu. Subiri tangazo la waandaaji wenyewe.

Tangazo la kwanza huwa na majina tu. Ratiba ya siku na saa huja baadaye. Usikate tiketi ya boti kabla hujajua mtunzi wako anapiga siku gani, isipokuwa kama utakaa tamasha zima. Ukishaipata ratiba, angalia pia kurasa za msanii mwenyewe: akiwa anakwenda kweli, atakuwa ameitangaza safari.

Kiingilio, boti na pa kulala

Sauti za Busara huuza tiketi za siku moja na za tamasha zima, na bei hutofautiana kwa Mtanzania, kwa Mwafrika wa nchi nyingine na kwa mgeni wa mbali. Beba kitambulisho, la sivyo utaombwa kulipa bei ya juu. Utavishwa utepe mkononi. Usiuvue mpaka tamasha liishe.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Msomaji asiye Mtanzania aje na pasipoti, na aulize mapema kuhusu bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024, ili ainunue kabla ya kusafiri. Februari ni msimu wa upepo wa kaskazi na bahari huweza kuchafuka mchana. Kama tumbo lako si la baharini, panda boti ya asubuhi na ukae nyuma, chini.

Ukishuka Malindi huna haja ya teksi kama mzigo ni mdogo. Fuata barabara ya Mizingani, bahari mkono wako wa kulia. Utapita jengo la Zahanati ya Zamani, Makumbusho ya Kasri, kisha Beit el-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na mbele yake utaiona Ngome Kongwe ikitazamana na bustani ya Forodhani. Ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiyekimbia. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake nene zina kazi mpaka leo, kama nitakavyoeleza.

Vyumba vya Mji Mkongwe hupanda bei siku za tamasha. Tafuta Kikwajuni au Michenzani: unafika ngomeni kwa miguu, na unarudi usiku ukiwa na wenzako wengi njiani.

Jioni yenyewe: usimame wapi

Kula mapema. Forodhani inajaa baada ya magharibi, na foleni ya urojo huweza kukukosesha nyimbo mbili. Vaa kwa staha njiani, mabega na magoti yafunikwe, na beba khanga moja. Khanga hiyo utaikalia, maana ndani ya ngome kuna ngazi za mawe zilizopangwa kwa nusu duara, na jiwe lililopigwa jua mchana kutwa hubaki na joto lake.

Fika kabla ya msanii anayemtangulia wa kwako hajamaliza. Seti za tamasha kwa kawaida hazifiki hata saa moja, na mabadiliko ya vyombo ni ya haraka. Ukingoja kusikia jina likitangazwa ndipo unyanyuke, utaimaliza nusu ya kwanza nyuma ya migongo ya watu.

Sasa kuhusu mahali. Watu hukimbilia mbele kabisa, na kwa muziki wa dansi sawa. Kwa mtunzi wa udi au ilimba, mbele kabisa ndipo mahali pabaya zaidi pa kusikia. Spika kubwa ziko pembeni mwa jukwaa na zinapeleka sauti juu yako. Unachosikia pale ni ngoma na besi, maneno yanakupita kichwani. Tafuta kilipo kibanda cha fundi mitambo, kwa kawaida katikati ya uwanja na nyuma kidogo. Fundi anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa pale, hivyo ukisimama mbele ya kibanda chake unasikia kile anachosikia. Kwenye ngazi za mawe, safu za kati ndizo bora. Epuka kuegemea ukuta: kuta zile nene hurudisha sauti, na ukiwa karibu nazo kila neno hulisikia mara mbili.

Kama umekuja kujifunza mkono wa mpigaji, basi sogea mbele kwa wimbo mmoja au miwili, upande wako wa kulia, kwa sababu shingo ya udi wa mpigaji wa mkono wa kulia huelekea huko. Kisha rudi katikati.

Kaskazi ina joto na unyevu wa bahari. Nyuzi hulegea, na ngozi za ngoma vilevile. Ndiyo maana wapigaji tangu zamani huziwamba upya au kuzipasha moto kabla ya kuanza. Mtunzi wako atasimama kati ya wimbo na wimbo akaze vigingi vyake. Usipige kelele za kumhimiza. Mara nyingi ni katika dakika hiyo husema wimbo unaofuata ulitokana na nini, kwa sauti ya chini, na anayepiga soga hupitwa. Kwangu mimi maneno hayo mafupi ni sehemu ya tungo.

Kutunza, simu, na adabu za watazamaji

Taarabu ina desturi ya kutunza: mtu hunyanyuka, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji, humpa noti, hurudi kitini. Ni heshima kwa mwimbaji, na wakati mwingine ni ujumbe kwa mtu mwingine aliyeko ukumbini, maana ukitunza kwenye ubeti fulani umesema ubeti huo ni wako. Ukiwa kwenye ukumbi wa klabu au harusini, andaa noti ndogondogo mapema ili usianze kupekua mkoba mbele za watu. Nenda wakati wa kibwagizo, pita pembeni usimzibe mpiga fidla, na usimguse mwimbaji ila umkabidhi. Kabla ya kunyanyuka sikiliza vizuri ni ubeti gani unaimbwa. Mwenye kisa chake mle ndani atakuona.

Kwenye jukwaa kubwa la tamasha kuna uzio na walinzi, hivyo usijaribu kupanda. Kule mtunze kwa sauti: itikia kiitikio. Mtunzi anayesikia umati wa wageni ukiimba maneno yake husimamisha ala na kuwaachia, na hapo ndipo kazi ya daftari lako inapolipa.

Simu iwe mfukoni. Piga picha moja mwanzoni, bila mwanga, na kama ni lazima urekodi kipande kifupi cha kumbukumbu. Kurekodi wimbo mzima ambao bado haujatoka na kuuweka mtandaoni ni kumnyang'anya mtunzi haki ya kuutoa kwa namna anayotaka. Zanzibar hakimiliki inasimamiwa na COSOZA na Bara na COSOTA, lakini hifadhi ya kwanza ya tungo ni msikilizaji mwenye heshima.

Baada ya onyesho

Subiri kama nusu saa. Msanii anakunja vyombo, anakunywa maji, anasalimiana na wenzake. Wengi hutoka baadaye na kukaa uwanjani kuwasikiliza wengine, na Ngome Kongwe si pakubwa; utamwona.

Mwendee kwa salamu kamili. Kama ni mkubwa wako, shikamoo kwanza. Mwanamke mtu mzima mwite Bi kwa jina lake. Fundi wa udi anayefundisha mwite Maalim. Usianze na kuomba picha. Mwambie ubeti mmoja uliokugusa, uutaje kwa maneno yake, kisha umwulize swali moja kuhusu ubeti huo. Watunzi wanaulizwa kila siku kuhusu safari zao za Ulaya na mara chache sana kuhusu mashairi yao. Ukimuuliza shairi atakujibu kwa urefu, na wimbo utakuwa na chumba kipya kila utakapousikiliza.

Kisha nunua kitu. Kama ana CD au fulana, nunua kutoka mkononi mwake. Kama hana, uliza kama anapokea kwa simu. Mapato ya kusikilizwa mtandaoni ni madogo mno kwa msanii wa udi au zeze, na albamu moja inayouzwa mkono kwa mkono humletea zaidi ya miezi mingi ya wewe kumsikiliza bure.

Ukiikosa Februari

Mji Mkongwe una muziki mwaka mzima. Uliza wenyeji siku za mazoezi ya Culture Musical Club na maonyesho ya wanafunzi na walimu wa DCMA. Kwa kumsikia mtunzi, ukumbi mdogo wa watu hamsini naupendelea kuliko jukwaa lolote la tamasha: udi husikika bila kupitia spika, na sauti ya mtu hukufikia ilivyo. Kidumbak nacho, muziki ulio jamaa wa taarabu, kwa ngoma zake ndogo mbili, fidla na besi ya sanduku, ni cha harusini. Ukipata mwaliko usiuache.

Bara, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo huandaa tamasha lake kila mwaka, na Chamwino, mkoani Dodoma, kuna tamasha la muziki wa Cigogo ambako utawaona wanawake wakipiga muheme, ngoma zao wamezibana mapajani. Hapo utaelewa muziki wa kina Zawose unatoka wapi. Dar es Salaam fuatilia ratiba za Nafasi Art Space na Alliance Française. Msomaji wa Nairobi naye aitazame Alliance Française ya huko. Watunzi kama Suzanna Owiyo, anayepiga nyatiti yenye nyuzi nane, ni wa kufuatiliwa popote wanapotangazwa.

Na ipo njia ambayo watu hawaifikirii: mwalike. Watunzi wengi wa muziki wa asili husafiri na wapigaji wawili watatu, na watu thelathini wakichangishana wanaweza kugharimia jioni moja uani kwa mtu, shuleni au kwenye ukumbi wa kata. Wasiliana na msanii au meneja wake, usimpitie rafiki wa rafiki. Kubalianeni kwa maandishi: malipo, nauli, malazi, chakula, muda wa kupiga. Tafuta spika mbili ndogo na maiki nzuri, si mitambo ya harusi. Ukitumia uwanja wa wazi, chukua kibali cha serikali ya mtaa mapema. Mpe saa nzima ya kujaribu vyombo kabla watu hawajaingia, na umtumie nusu ya malipo kabla hajapanda basi.